Kapu Lililopika Nikiwa Nimelala

Ninaandika haya kwa ajili ya mwanamke ambaye siku hizi chakula kinamwungulia kila mara, na watu wa nyumbani wanamwita mvivu, naye mwenyewe ameanza kukubali. Nilisoma mpaka darasa la sita tu. Jinsi ugonjwa wa malale unavyoingia mwilini, waulize waganga wa hospitali. Mimi ninajua jinsi unavyoingia nyumbani, na jinsi nilivyoupa nafasi ya kukaa.

Sasa ninaishi Lubunga, ng'ambo ya mto, kwa dada yangu. Wakati ule, wakati wa Zaire, tulikaa Kisangani penyewe, mtaa wa Tshopo, upande ambao watu wakinyamaza unasikia maporomoko. Mume wangu alikuwa karani wa ghala bandarini. Watu wake ni wa Kindu, kule Maniema, na mama yake alikaa nasi. Mimi ni Mlokele, mtu wa mtoni. Tulikuwa na mtoto mmoja, Zaina, wa miaka tisa. Wawili waliomfuata walitoka kabla ya siku zao. Kwa hiyo mtaa mzima uliniita Mama Zaina, na mume wangu Papa Zaina. Hata mama yake mzazi alimwita hivyo.

Mama yangu alilima mpunga chini ya mto, upande wa Isangi. Kila likizo ya shule nilikwenda kumsaidia kuvuna, Zaina akiwa nami. Huko pembeni ya maji kuna mbung'o, inzi wanaouma kama sindano. Tuliwapiga makofi, tukacheka, tukaendelea kuvuna.

Kwanza ilikuwa kichwa. Kisha mwili ukaanza kuniwasha, nikajikuna mpaka ngozi ya mapaja ikatoka damu. Uso ulivimba asubuhi na kushuka jioni. Hedhi ikakatika. Mama mkwe akadhani nina mimba, akawa mpole kwa miezi miwili, akaniwekea kichwa cha samaki. Tumbo halikukua, upole wake ukaisha.

Halafu ukaja usingizi. Usiufananishe na uchovu. Mtu aliyechoka anajua kwamba anaelekea kulala. Mimi nilikuwa nikichambua mboga, na mara nikaona jua limehama, mboga ziko mikononi vilevile, na kitu kinanuka. Kinachonuka ni chakula cha watu wanne. Usiku ulipofika macho yalikuwa makavu, nikahesabu mbao za dari mpaka asubuhi.

Tulipikia mbabula, jiko la makala, yaani makaa, uani chini ya kibati. Madesu, yaani maharage, yanataka nusu siku motoni, na mtu wa kuyaongezea maji. Mtu huyo alikuwa mimi. Katika majuma mawili niliunguza sufuria tano.

"Leo tunakula nini, Mama Zaina?" mama mkwe aliuliza, akikwangua chini kwa kijiko. "Makala na chumvi?"

Nikasema nitapika tena.

"Utapika tena, utalala tena. Jua iko katikati, weye uko na lala sawa mamba." Kisha akamgeukia mwanawe, ambaye alikuwa akila sehemu ya juu. "Papa Zaina, Kindu kule banamuke biko mingi, benye macho wazi. Mi nasema tu."

Alikuwa anasema tu. Lakini alisema kila siku, na siku moja mume wangu hakumjibu, akabaki anatazama sahani yake. Hofu yangu ilianzia hapo. Sikuogopa kufa. Niliogopa kurudishwa kwa mama yangu, na Zaina kubaki upande wa baba yake, kama desturi yao ilivyo.

Juma lililofuata niliangukia mbabula. Mkono wa kushoto, toka kiwiko mpaka kifundo, uliungua ngozi ikatoka kama ganda la ndizi ya kuchoma. Nikasema niliteleza.

Dada yangu mkubwa, Yaya Bolumbu, alikuja kuniona. Alikuwa amefuata mafunzo ya akina mama kwa masista, na huko alifundishwa kupika kwa kapu. Unachemsha chakula kidogo tu, kisha unakifunika katika kapu lenye joto, nacho kinaiva chenyewe, polepole, bila mtu kukiangalia.

Nitaeleza tulivyolitengeneza, kwa sababu lenyewe ni kitu kizuri, na makala hayajawa rahisi tangu siku ile. Wengine hutumia sanduku la mbao lililokuja na sabuni. Sanduku linashika joto, lakini ni zito na mende wanalipenda. Wengine huchimba shimo uani, nalo kwa mvua za kwetu hugeuka kisima. Sisi tulichukua kapu la kubebea mihogo, pana kuliko sufuria kwa kiganja kizima kila upande. Ukichagua kapu linalobana sufuria umejisumbua bure, maana kinachopika si kapu, ni kile unachokijaza katikati. Tulijaza makapi ya mpunga, ambayo kinu kilikuwa kinayatupa. Yakauke kabisa juani kwanza, la sivyo yatanuka. Tukashona mito mitatu: mmoja wa chini, mmoja mrefu wa kuzunguka, mmoja wa juu. Kitambaa cha mto wa juu kilitoka kwenye koti kuukuu la mume wangu, lile vazi la abakosti ambalo chama cha serikali kiliwalazimisha wafanyakazi wote kuvaa.

"Angalieni," mama mkwe akasema, akishusha sauti ingawa tulikuwa ndani. "Nguo ya chama inapika madesu. Mwishoni imefanya kazi."

Tulicheka wote. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka naye mwaka ule.

Sufuria iwe nene, yenye masikio mafupi na kifuniko kinachobana. Iwe imejaa, sufuria nusu hupoa njiani. Madesu yalowekwe tangu jana. Asubuhi uyaweke kwenye moto mkali, yachemke kwa nguvu muda wa kufagia uwanja wote na kuosha vyombo, si kutoa povu tu. Yasipochemka hivyo kwanza yatawaumiza tumbo. Kisha, bila kufunua, uyaingize kapuni upesi, ufunike, usiguse mpaka watoto warudi kutoka shule. Kabla ya kupakua uyachemshe tena kidogo. Pondu, majani ya mihogo, pia inakubali, na wali, na kwato za ng'ombe.

"Sasa munaona," Yaya Bolumbu alisema, akilipiga kapu kofi kama mgongo wa mtoto, kisha akaongeza kwa Lingala yake. "Oyo, moto te."

Mama mkwe, ambaye hakujua Lingala ila maneno ya sokoni, alielewa neno moja. "Ndiyo, hakuna moto. Moto-te. Jina muzuri." Na tangu siku hiyo kapu likaitwa Moto-te.

Mimi nilisikia neno lingine. Kwa Kiswahili moto ni moto. Kwa Lingala neno hilohilo, ukilishusha sauti kidogo, ni mtu. Yeye alisikia kapu lisilotaka moto. Mimi nilisikia kapu lisilotaka mtu. Nikalitazama na kufikiri: basi, nimeokoka.

Na kweli niliokoka, kwa namna ya kijinga. Asubuhi nilikuwa bado na akili. Nilichemsha, nikafunika, saa nne kila kitu kimekwisha. Kisha nilijifungia chumbani nikaanguka kama mzigo. Saa saba Zaina alirudi kutoka shule, akanifinya sikio. Nikaamka, nikapakua. Chakula laini, hakijawahi kuungua. Mama mkwe, ambaye saa hizo alikuwa sokoni akiuza chumvi na sabuni, alirudi akakuta sahani zimepangwa.

"Sasa bibi amekuwa bibi," alimwambia mume wangu. Kindu haikutajwa tena.

Mwili haukupona. Miguu ilianza kwenda upande. Nikigonga mfupa wa mkono kwenye mlango, maumivu yalikaa kimya kidogo, kisha yakaja makali mpaka nikalia. Shingoni nyuma, chini ya nywele, nilipata vijiwe laini vinavyoteleza chini ya kidole. Na hapa sitaki mtu anitetee kwamba sikujua. Nilikulia mtoni. Nilipokuwa mdogo, jirani yetu alilala mwaka mzima, akaanza kupiga watu, wakamfunga kwenye nguzo ya nyumba mpaka alipokufa. Jina la ugonjwa wangu nililijua tangu siku ya vijiwe. Sikulitamka.

Ulipofika msimu wa mbinzo, wale viwavi wa msituni, mwalimu wa Zaina aliniita.

"Mama, mutoto wako analala darasani. Hapo zamani alikuwa wa kwanza."

"Ananisaidia kazi nyumbani," nikasema. "Anachoka tu."

Njiani kurudi nilipitisha mkono nyuma ya shingo ya mtoto wangu, kama ninayemfuta jasho. Vijiwe vilikuwepo.

Nikamtoa shule. Nilisema nyumbani kwamba ninahitaji mkono wa pili. Tukawa wawili chumbani, mchana, na tukafanya mpango kama wezi: mmoja analala, mwingine anasikiliza mlango. Zaina aliuita mpango huo zamu. "Mama, ni zamu yako." "Hapana, weye lala, mi nitaangalia." Mara nyingi tulilala wote wawili. Uani Moto-te liliendelea na kazi yake.

Jumamosi moja, baada ya salongo, ile kazi ya kufagia mtaa ambayo kila mtu alilazimishwa, mkuu wa mtaa alipita na kipaza sauti, akituita raia kama sheria ya wakati ule ilivyotaka. "Basitwayeni bote, barabarani! Shingo wazi!"

"Sawa kuku?" mtu mmoja akapiga kelele, watu wakacheka.

Lilikuwa kundi la waganga wanaozunguka. Waliwapanga watu mstari, wakawapapasa shingo, na wenye vijiwe wakapelekwa nyuma ya gari kutolewa maji ya mgongo. Kuhusu hayo maji mtaa ulikuwa na habari zake: mwanamke akishatolewa hazai tena, mwingine alitolewa akapinda milele. Nilimwambia mama mkwe kwamba tunakwenda mtoni kufua. Hatukwenda. Niliingia chumbani na Zaina, nikavuta pazia.

Baada ya mstari kwisha, mwuguzi mmoja alipita nyumba kwa nyumba na daftari kutafuta wale ambao hawakuja. Mama mkwe alimpokea uani. Kati yao na mimi kulikuwa na pazia tu.

"Mama, humu ndani kuna mutu mwenye kulala muchana?"

"Kulala? Kwa nyumba yangu?" Alichukia kabisa, kana kwamba ameitwa mchafu. "Kuja uone."

Nikasikia mto wa juu ukiondolewa, kifuniko kikifunuliwa. Harufu ya madesu ikaingia mpaka chumbani.

"Mutu wa kulala anaweza kupika hivi? Kila siku saa saba chakula iko tayari. Anapika bokilo yangu, bibi ya mwana wangu, na mutoto wake. Andika kule kwa kitabu yako: hapa batu biko macho."

Mwuguzi alicheka. "Mama, mi natembea tangu asubuhi. Sahani moja?"

"Mbili!"

Alikula amesimama, nilisikia kijiko. Zaina alikuwa amelala kwenye paja langu, ameanza kukoroma, nikamfunika kinywa kwa kiganja. Nilihisi pumzi yake ya moto kwenye vidole. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Mwuguzi hakuharakisha, alimaliza, akasifu, akauliza kapu linatengenezwaje, mama mkwe akamweleza yote kuhusu makapi na mito. Muda wote huo ulikuwa wa mwanangu. Kisha nikasikia ukurasa ukigeuzwa, na nyayo zikaenda kwa jirani.

Miezi minne ikapita. Siku iliyonifichua, niliwasha moto, nikachemsha, nikafunika kapuni, kama kawaida. Saa saba mama mkwe akafunua mwenyewe. Ndani mlikuwa na maji na kitambaa changu cha kichwa, kimeiva vizuri.

Alianza kucheka. "Mama Zaina, leo ni supu ya nini?" Kisha akaniona nimesimama na sahani, ninangoja anipakulie. Kicheko kikamkauka.

Mume wangu alinipeleka hospitali nimekaa nyuma ya baiskeli, nimefungwa kwake kwa kikwembe, kitenge changu, nisianguke. Tulingoja barazani siku mbili. Baraza ile nitaijua hata nikiwa kipofu: simenti baridi, benchi moja fupi, na wengine chini, mtu anayeitwa jina, halafu anaitwa tena, halafu ndugu yake anasema hayupo tena. Nilipoingia walinikunja kama kamba wa mtoni, magoti kidevuni. Aliyenishika alikuwa mwuguzi wa daftari. Hakunitambua, hakuwahi kuniona. Mimi nilimtambua kwa sauti. Maji ya mgongo wangu yalitoka tone, tone, meupe kama ya mvua. Sikupinda, wala hakuna nilichopoteza. Huo mtaa ulisema uongo, wewe usiuamini.

"Imeshafika kichwa," aliwaambia mume wangu na mama yake. Kisha akaniuliza: "Kwa nyumba, nani mwingine analala?"

Mama mkwe alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, kapu kichwani. Alinitazama kwa huruma, jambo ambalo nilikuwa nimelitamani miaka kumi.

"Hakuna," nikasema. Nilimficha Zaina mara ya pili.

Dawa yenyewe tuliita pilipili. Inaingia kwenye mshipa, na ikidondoka nje kidogo tu mkono unavimba na nyama inaoza. Inapanda mpaka shingoni, kinywa kinajaa ladha ya msumari, unakohoa. Siku nne mfululizo, kisha pumziko la siku kumi, kisha tena, mara tatu. Wapo ambao dawa iliwageukia: jioni wanatetemeka, povu linatoka, asubuhi kitanda kimetandikwa upya. Tulijifunza kutouliza kilikuwa cha nani.

Nisiwe mchoyo, kulikuwa na mema. Mwuguzi yule alikuwa anasema "sasa" kabla ya kuchoma, na kweli ilikuwa sasa, hakudanganya. Kitanda cha pili alilala mama mmoja wa wavuvi wa maporomoko, mwenye mdomo mrefu. "Kwetu siye tunategea samaki," alisema kila tulipofungwa mikono kwa sindano. "Hapa Mungu ametega siye. Tusipige mikia, tutachoka." Na mama mkwe alitembea toka Tshopo kila siku, kapu kichwani, akafika na chakula bado kinatoa moshi. Alinilisha kwa mkono wake. Kila tonge lilikuwa tamu, na kila tonge nililimeza pamoja na uongo wangu.

Baada ya duru ya kwanza, asubuhi moja niliamka, na ilikuwa asubuhi. Sijui niseme vipi. Mwanga ulikuwa mahali pake. Nilisikia mtu anafagia, na ufagio ukaendelea kusikika mpaka mwisho bila kukatika. Akili ikarudi yote kwa mara moja, na mbele yake alikuwa Zaina.

Nikamwita mwuguzi. "Mtoto wangu analala."

"Tangu lini?"

"Tangu msimu wa mbinzo."

Akaweka sinia chini. "Na siku siye tulipita na shingo?"

"Tulikuwa ndani. Ulikula uani kwetu."

"Ile nyumba ya kapu?"

"Ndiyo."

Hakunitukana. Alikwenda kuita baiskeli.

Walimleta alasiri. Majuma mawili tu tangu nimwache, lakini alikuwa amekonda, na mate yanamtoka upande mmoja. Nyumbani walidhani analilia mama yake. Wakamlaza kwenye kitanda changu, kichwa chake miguuni pangu, maana nafasi haikuwepo. Alifumbua macho.

"Mama, weye unaamka sasa?"

"Ndiyo, mama. Nimeamka."

"Basi ni zamu yangu."

Maji yake ya mgongo yalisema kama yangu. Dawa ni ileile. Sindano ya kwanza alilia, ya pili alilia, ya tatu alinishika kidole hakulia. Siku ya nne alisema kichwa kinapasuka. Mchana akaanza kutetemeka. Mimi siku hiyo nilikuwa naanza duru ya pili, mkono wangu umefungwa kwenye ubao, na niliyaona yote kutoka upande wa pili wa godoro lilelile. Alikufa kabla ya adhana ya magharibi.

Hawakuniruhusu kwenda kuzika. Ukikatisha duru, dawa ni bure. Mume wangu alirudi kesho yake na udongo mwekundu kwenye suruali, akaniambia nani alikuja. Sikumwuliza zaidi.

Nilimwuliza mwuguzi jambo moja. Kama Zaina angepapaswa shingo siku ile? Alianza kukusanya sindano. Nikauliza tena.

"Siku ile ingekuwa bado mu damu tu," alisema. "Angepata dawa ingine. Ile haiue batu hivi."

Kwa hiyo wewe unayesoma: vijiwe shingoni, usingizi wa mchana, mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani sasa analala. Usingoje chakula kiungue ndipo uende. Na kama nyumbani kwako chakula hakiungui kamwe, mtazame anayekipika. Kapu silisingizii. Lilifanya nililolituma.

Nilidhani yaliyo mabaya kabisa yamekwisha. Nilirudi nyumbani nikitembea polepole, nywele zimepungua, mikono ina makovu ya sindano. Waombolezaji walikuwa bado wanakuja, na mama mkwe aliwapokea kwa maneno yaleyale, kila mmoja.

"Ni mimi. Waganga balifika hapa kwa mulango, mi nikabafukuza. Nikasema hapa batu biko macho. Nikamulisha yule munganga, tumbo ikajaa, akaenda. Mutoto alikuwa mutoni, mi nilikuwa najivuna na madesu."

Watu walimwambia hakujua. Alijibu kwamba kinywa ni chake. Aliacha kuuza sokoni. Aliacha kula madesu, kisha akaacha kula karibu kila kitu. Alianza kuniita mwanangu. Aliniosha mgongo. Na mimi nilimwacha aamini. Kila alipolitaja jambo hilo niliinamisha kichwa, watu wakaona ni huzuni. Ilikuwa huzuni pia. Lakini mtu mzee alikuwa anabeba mzigo wangu mbele ya macho yangu, ananiosha mgongo, nami nilinyamaza kwa sababu ileile ya zamani: nisirudishwe.

Malale hayakuachi uende upesi. Kila baada ya miezi sita unarudi, unakunjwa, wanatazama maji kama yako safi, muda wa miaka miwili. Mara ya kwanza mbinzo walikuwa sokoni tena. Mara ya pili ilikuwa mvua kubwa. Mara ya tatu mpunga mpya. Mara zote nne mama mkwe alikuja kukaa nami barazani, kila mara mwembamba kuliko mara iliyopita, mpaka mara ya mwisho mume wangu ilibidi amshike mkono kupanda ngazi mbili.

"Sitwayene, umepona," waliniambia siku hiyo. "Hapana kurudi tena."

Mume wangu alikwenda dirishani kugongesha muhuri kwenye karatasi. Mimi na mama yake tulikaa benchini. Alikuwa analia na kucheka.

"Mungu ameniachia mumoja," alisema. Akanishika mkono, vidole vyake mifupa mitupu. "Nisamehe, mwanangu. Leo unisamehe kabisa, nife na moyo safi. Kama siku ile ningefunga kinywa."

Dirisha lilikuwa hatua kumi kutoka pale. Karani alikuwa anatafuta wino.

"Mama," nikasema, "siku ile hatukuwa mtoni. Tulikuwa chumbani, nyuma ya pazia. Nilijua tunaumwa nini, mimi na yeye. Nilimfunika kinywa mtoto."

Hakuachia mkono wangu. Machozi yake yakakoma, kama bomba lililofungwa. Mgongo wake ukanyooka kidogo kidogo, mpaka akakaa vile alivyokuwa anakaa zamani, wakati wa sufuria zilizoungua.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena, kwa sauti ya chini.

"Hapana. Sauti. Papa Zaina asikie."

Mume wangu alikuwa anakuja na karatasi, anaipuliza wino ukauke, anatabasamu. Nikasimama, nikasema tena kwa sauti, na baraza nzima ikasikia.